Kuandika ukiwa mzee: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayejibu ni mwalimu mstaafu ambaye kila Jumamosi asubuhi hukaa na wastaafu wenzake hapa Tanga, kila mtu na daftari lake. Maswali mengi yametoka kwa wazee wenyewe. Mengine yameletwa na watoto wao, kwa kawaida kwa sauti ya chini, baba akiwa ametoka kidogo.

Nimestaafu juzi. Kazini niliandika ripoti na madokezo kwa miaka mingi, lakini mambo yangu mwenyewe sijawahi kuyaandika. Nianzie wapi?

Popote, ila usianzie hapa: "Mimi nilizaliwa mwaka fulani, kijiji fulani, kata fulani, nikiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba." Karibu kila mstaafu huanza hivyo, na anachokiandika ni historia fupi ya marehemu, ile inayosomwa msibani kabla ya kuaga. Ukifika "alijiunga na shule ya msingi" wewe mwenyewe umeshachoka.

Anza na kitu kimoja kilichowahi kupita mikononi mwako. Mshahara wa kwanza ulivyoutumia. Redio ya kwanza ya baba. Kuna mzee kikundini aliyefanya kazi reli tangu enzi za Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki. Kila wiki alituletea orodha ya vituo alivyohamishiwa na vyeo alivyopanda. Nikamwomba aandike kuhusu taa yake ya mkono, ile ya mafuta yenye kioo chekundu na cha kijani. Aliandika kwamba mpini ulikuwa unapata moto hadi akaufunga kitambaa cha kanga ya mke wake, na mkaguzi alipokiona akamwamuru akitoe kwa sababu hakikuwa mali ya shirika. Kanga ile ndiyo iliyomleta mke ukurasani, marehemu sasa, ambaye kwenye orodha ya vituo hakuwa ametajwa hata mara moja.

Niandike mara ngapi kwa wiki?

Mara mbili au tatu, dakika kumi na tano hadi ishirini, saa ileile ikiwezekana. Asubuhi ni bora kwa wengi. Mambo mazito usiyaandike usiku kabla ya kulala.

Kuandika mambo yaliyoniumiza si kutonesha kidonda?

Inategemea unaandika vipi, na hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo hoja ambayo watu wengi hawaambiwi.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, pamoja na mwenzake Sandra Beall, walichapisha matokeo ya jaribio dogo. Wanafunzi wa chuo kikuu waliketi kuandika kwa dakika 15, siku 4 mfululizo. Baadhi waliambiwa waandike tukio zito kuliko yote maishani mwao, wengine mambo yasiyo na uzito wowote, kama viatu walivyovaa siku hiyo. Walioandika mambo mazito pamoja na hisia zao walitoka wakiwa na huzuni zaidi siku zile. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kituo cha afya cha chuo mara chache kuliko wenzao. Mwaka 1999 Joshua Smyth na wenzake wakafanya jaribio kama hilo kwa wagonjwa wa pumu na wa baridi yabisi: dakika 20, siku 3. Baada ya miezi 4 walioandika yaliyowasibu walikuwa na nafuu kubwa kuliko walioandika ratiba ya siku.

Tangu hapo yamefanyika majaribio mengi, na yakijumlishwa pamoja faida inaonekana ipo, ila ni ndogo. Kwa hiyo usiache vidonge vya presha kwa sababu umenunua daftari.

Kinachonivutia zaidi ni kile ambacho Pennebaker alikiona baadaye, alipoanza kuhesabu maneno yaliyomo kwenye karatasi zile. Walionufaika zaidi walikuwa wale ambao siku baada ya siku walizidi kutumia maneno ya kueleza sababu na ya kutambua jambo: kwa sababu, ndiyo maana, sasa naelewa. Kumwaga uchungu peke yake hakutoshi. Mtu anayeandika "nilionewa" leo, kesho na keshokutwa anazunguka palepale.

Mfano ninao karibu. Mama mmoja wa kikundi chetu alitolewa shule mwaka 1966, kaka yake akaachwa aendelee. Ukurasa wa kwanza aliouandika ulikuwa na sentensi moja tu inayojirudia kwa sura tofauti: baba hakunipenda. Nilimwomba, badala ya kumwandika baba, auandike mwaka wenyewe. Akaandika kwamba baba alikuwa mkata mkonge, kwamba bei ya mkonge ilikuwa imeanguka na shambani watu walikuwa wanapunguzwa, kwamba ada ya watoto wawili isingepatikana, na kwamba aliyeamua nani abaki shule hakuwa baba, alikuwa shangazi. Hilo la shangazi alikuwa analijua miaka yote. Hakuwahi kuliweka kwenye mstari mmoja na mengine. Ukurasa wake wa mwisho juu ya jambo hilo unasema bado ana hasira, ila sasa anajua ni hasira ya nini, na nusu yake inamhusu shangazi.

Sikwambii alisamehe. Hakusamehe, na hakuna aliyemtaka asamehe.

Nimefiwa na mume wangu mwezi uliopita. Niandike sasa?

Pole sana, mama. Usijilazimishe. Msiba ukiwa mbichi, kuandika kwa mpango kunaweza kukuzidishia mzigo. Subiri angalau arobaini ipite, au hata zaidi, mpaka usiku wako uanze kutulia.

Ila kuna maandishi ambayo tayari yamo nyumbani kwako: daftari la rambirambi. Lichukue siku moja ulisome taratibu, jina baada ya jina. Kando ya jina unaweza kuandika neno moja au mawili: huyu walisoma wote, huyu alitembea kutoka Pongwe kwa miguu, huyu sikutegemea angekuja. Hayo yanatosha kwa mwezi wa kwanza. Baadaye, ukiwa tayari, mwandikie yeye mwenyewe barua, umwambie yaliyotokea nyumbani tangu alipoondoka, hata kama ni bomba lililopasuka na fundi aliyekula hela.

Wanaopenda ushairi wana njia nyingine, nayo ni ya zamani hapa kwetu. Shaaban Robert, mwenyeji wa mkoa huuhuu, alipofiwa na mkewe Amina alimtungia shairi, na mpaka leo watu wanalo kichwani.

Nikianza kuandika nalia, na siku nyingine silali. Niendelee?

Kulia siku moja mbili si vibaya. Tunafuata kanuni moja ambayo Pennebaker huwapa watu wake: ukiona jambo fulani litakuvuruga, liache, andika lingine. Geuza ukurasa. Hakuna anayekusahihisha.

Ikiwa umepita wiki mbili hulali, huli, au unapata mawazo ya kutotaka kuishi, weka kalamu chini uende hospitali, leo, tena usiende peke yako. Hospitali za mikoa zina huduma ya afya ya akili. Najua watu wa rika letu wakisikia hivyo wanawaza Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na wanaona aibu. Tunakwenda kupima macho na sukari bila aibu. Twende na huko pia.

Je, kuandika kunazuia ugonjwa wa kusahau?

Hakuna aliyethibitisha hivyo, na anayekuuzia kozi kwa ahadi hiyo mwogope.

Yaliyoonekana ni haya. Nchini Marekani mtafiti David Snowdon aliwafuatilia masista wa Kikatoliki 678 uzeeni mwao. Baadhi yao walikuwa wameandika kwa mkono historia fupi ya maisha walipojiunga na shirika, wakiwa na miaka ishirini na kitu, na karatasi zilikuwa bado zipo kwenye kumbukumbu za watawa. Mwaka 1996 yeye na wenzake walieleza kwamba masista 93 ambao maandishi yao yalipimwa walitofautiana sana: walioandika sentensi zilizosheheni mawazo walipatwa na ugonjwa wa Alzheimer kwa uchache zaidi, miongo mingi baadaye. Lakini hayo waliyaandika ujanani. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rush, Chicago, walitoa matokeo ya watu 294 waliopimwa kumbukumbu kila mwaka hadi walipofariki. Wale waliokuwa na desturi ya kusoma, kuandika na kushughulisha akili, utotoni na uzeeni vilevile, kumbukumbu zao zilishuka polepole zaidi.

Inawezekana kuandika kunasaidia ubongo. Inawezekana pia kwamba ubongo wenye afya ndio unaopenda kuandika. Mimi naandika kwa sababu asubuhi zangu zimekuwa na kazi tena.

Elimu yangu ni ile ya ngumbaro. Naogopa kuchekwa.

Nani akucheke? Wazee wengi wa nchi hii walijifunza kusoma wakiwa na watoto mgongoni. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, madarasa yakafunguliwa chini ya miembe na kwenye ofisi za kijiji, na mwaka 1973 watu walikuwa wanakaa kwa vikundi kusikiliza kipindi cha "Mtu ni Afya" redioni na kitabu mkononi. Kenya walimwona Kimani Maruge mwaka 2004 akiingia darasa la kwanza akiwa na miaka 84, na kaptula ya shule juu.

Herufi za l na r zikigombana, ziache zigombane. Andika kama unavyosema. Mwandiko wa mtu aliyeshika kalamu ukubwani una uzuri wake: sentensi fupi, hakuna mapambo ya bure. Walimu kama mimi ndio wenye kazi ngumu ya kuacha kuandika kama mitaala.

Daftari au simu?

Daftari gumu, lile la kaunta buku, na peni ya kawaida. Usinunue daftari la bei kubwa lenye jalada la ngozi, utaliogopa.

Ila pwani hii ina unyevu na mchwa hawana heshima. Hifadhi daftari ndani ya mfuko wa plastiki, juu, mbali na ukuta. Kila mwisho wa mwezi mwambie mjukuu alipige picha ukurasa kwa ukurasa. Anayeandika kwenye simu atume nakala kwa mtu mwingine mapema, maana simu ikiibwa au ikifutwa yote na kuanzishwa upya kila kitu kinapotea.

Macho yangu yamechoka na vidole vinauma.

Miwani ya kusomea kwanza, upimwe, usichukue tu ile ya mnadani. Andika ukiruka mstari. Peni nyembamba izungushie kitambaa au mpira inenepe. Vidole vikikataa kabisa, zungumza: tangu mwaka 2017 Google inaweza kugeuza sauti ya Kiswahili kuwa maandishi kwenye simu. Inakosea majina ya watu na ya vijiji, na ukisema haraka inachanganyikiwa, lakini makosa hayo yanarekebishika.

Niandike kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani?

Mambo yaliyotokea kwa Kisambaa au Kizigua, yaliyosemwa yaandike hivyohivyo. Matusi ya bibi yako hayana maana kwa Kiswahili sanifu. Maelezo yanayobaki yaandike kwa lugha ambayo wajukuu wataisoma.

Tarehe sizikumbuki. Je, si nitakuwa naandika uongo?

Wazazi wetu hawakuwa na tarehe, walikuwa na matukio, na njia hiyo bado inafaa. Ilikuwa kabla au baada ya Azimio la Arusha, 1967? Mlikuwa bado kwenye nyumba ya zamani au mmeshahamishwa na Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 70? Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977? Wanaume walikuwa wamekwenda Vita vya Kagera? Ilikuwa wakati wa foleni za sukari na sabuni? Wenzetu wa Kenya huuliza kama ni kabla au baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, au kama watoto walikuwa tayari wanakunywa maziwa ya Nyayo.

Usipokuwa na hakika andika "kama sikosei" na uendelee. Wawili mkikumbuka jambo moja tofauti, andika zote mbili. Kwetu kuna ndugu wawili wanaobishana hadi leo kama ng'ombe wa baba aliuzwa au aliibwa, na kurasa zao zikisomwa pamoja zinafurahisha kuliko kama wangekubaliana.

Na siri za familia? Watu waliomo wengine wako hai.

Hili ndilo swali linalowafanya wengi waache kabisa. Jibu langu ni madaftari mawili.

La kwanza ni la kusomwa: hilo watoto wanaweza kulifungua ukiwa umelala. La pili ni lako. Humo andika yote, jina kwa jina, kisha uamue mwenyewe mwisho wake. Wapo wanaolifungia sandukuni, wapo wanaolichoma. Kulichoma si hasara, maana kazi ya daftari la pili ilikuwa kukusaidia wewe, na kazi hiyo ilishafanyika siku ulipoandika.

Linapokuja suala la kuhamisha jambo kutoka la pili kwenda la kwanza, najiuliza: kisa hiki ni changu, au mimi nilikuwa shahidi tu? Kunyimwa kwangu shule ni kisa changu. Mimba ya dada yangu ni kisa chake, hata kama ilitikisa nyumba nzima. Mtoto wa nje ambaye mwenyewe hajaambiwa baba yake ni nani asije kujua hilo kwenye daftari lako. Kama anastahili kujua, aketishwe aambiwe na mtu mzima anayemtazama machoni.

Kuhusu mashamba na mipaka kuwa makini kupita kawaida. Daftari la mzee linaweza kupelekwa kwenye baraza la ardhi kama ushahidi, na sentensi uliyoiandika kwa hasira siku ya mvua ikawagombanisha wajukuu ambao hata huwajui. Masuala ya mali yaandikwe kwenye nyaraka za mali.

Kwa hiyo daftari langu si wosia?

Si wosia. Wosia una masharti yake ya kisheria, pamoja na mashahidi. Kwa Tanzania nenda RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanasaidia kuandika na wanatunza. Waislamu wazungumze pia na kadhi au shehe wao kuhusu mafungu ya mirathi.

Mimi napenda kutunga mashairi tu. Nayo yanahesabika?

Yanahesabika sana, na kwa rika letu pengine ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Wengi tumekulia kwenye kurasa za mashairi za magazeti, watu wakijibizana kwa wiki nzima juu ya nani bora, mke mrefu au mfupi. Tangu gazeti la Mambo Leo lianze mwaka 1923 karani, mvuvi na polisi wote walikuwa wanatuma beti zao.

Kuna sababu ya ndani zaidi. Ukiwa na uchungu halafu unatafuta kipande cha mizani nane chenye kina cha "-ma", sehemu ya akili yako inalazimika kuwa fundi. Uchungu haukuachi, ila unakaa pembeni kidogo ukikusubiri umalize kuhesabu. Mwana Kupona alitunga utendi wake kwa binti yake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na mwanzoni kabisa anasema maradhi yamemshika hata yametimia mwaka. Mgonjwa huyo hakuandika juu ya ugonjwa. Aliutaja mwanzoni, kisha akaingia kwenye shughuli ya kumuusia mtoto, beti baada ya beti, zaidi ya mia.

Wanaoanza wachukue utenzi: vipande vinne, mizani nane kila kimoja, vitatu vya kwanza vina kina kimoja na cha nne kina kina cha utenzi mzima. Ubeti huu ni wa mama mmoja wa kikundini, wa kwanza kutunga maishani mwake:

Nimeketi barazani
daftari mapajani
miwani yangu puani
miaka nahesabia

Alifika beti kumi na moja kabla hajamtaja mtoto aliyempoteza. Kwa nathari alikuwa ameshindwa kumtaja kabisa.

Watoto wangu hawana muda wa kusoma.

Wasomee wewe. Sikukuu, watu wameshiba, soma ukurasa mmoja tu, tena uwe wa kuchekesha. Usiwagawie nakala na kuuliza baada ya wiki wamefika wapi, maana wataanza kukukwepa. Wajukuu wa darasa la sita na la saba ndio wasomaji wazuri zaidi; wanataka kujua ulichapwa kwa kosa gani.

Nataka kitoke kitabu kabisa. Je, nimechelewa?

Kwa umri hujachelewa. Kitabu cha maisha ya hayati Ali Hassan Mwinyi, rais mstaafu wa Tanzania, kilizinduliwa Mei 8, 2021, siku aliyotimiza miaka 96, na kilikuwa kwa Kiswahili.

Lakini jiulize unataka kitabu au unataka kusomwa na watu wako. Kama ni watu wako, nenda stesheneri, chapa kwa kompyuta, toa nakala kumi zenye jalada la plastiki, gawa. Imekwisha, na hela ya pensheni iko palepale.

Ukitaka kiuzwe dukani, tafuta kwanza mhariri mzuri, hata kama ni mwalimu mwenzako mkali wa lugha. Namba ya ISBN kwa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, kwa Kenya na huduma ya maktaba ya taifa. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, na kwa sheria za nchi zote mbili inaendelea kulindwa miaka 50 baada ya kufa kwako. Kuwa macho na "mchapishaji" anayekusifia kabla hajasoma kisha akataja kiasi kinachokaribiana na kiinua mgongo chako. Mchapishaji wa kweli anaweka pesa yake. Anayetaka yako ni mpiga chapa. Upiga chapa ni kazi halali, ila ina bei yake ya kawaida, na wenye mashine ni wengi wa kulinganisha bei.

Baba yangu ana mengi ya kusimulia lakini hataki kuandika. Nimsaidieje?

Usimkalishe ukamwambia, "Baba, tusimulie maisha yako." Atakwambia alizaliwa, akasoma, akafanya kazi, akastaafu, chai iko wapi. Muulize kitu kilicho mbele yenu. "Shikamoo baba. Hivi hii saa ya ukutani mliinunua wapi?" Halafu nyamaza. Ukimya wa dakika moja mezani huwashinda vijana, na hapo ndipo mzee anapoanza kusema.

Mwombe ruhusa ya kurekodi, usimfiche simu chini ya mto. Siku hiyohiyo au kesho yake yaandike kama alivyosema, na "basi bwana" zake na "nakwambia" zake zikiwemo. Ukisanifisha lugha yake umempoteza. Kisha rudi umsomee. Hapa ndipo jambo lenyewe linapotokea: akisikia maneno yake yanasomwa ataanza kukurekebisha, "Hapana, hakuwa Juma, alikuwa mdogo wake," ataongeza, atataka sentensi fulani ifutwe. Sasa anaandika, kalamu tu ndiyo iko mkononi mwako. Akisema futa, futa.

Kama mzee ameanza kusahau, usimpime. Usimwulize "hukumbuki?" Mpe picha au wimbo, na akikosea mwaka mwache akosee.

Tunataka kuanzisha kikundi mtaani kwetu. Kinahitaji nini?

Watu wasiozidi wanane, kivuli, na viti vyenye migongo. Mada moja ya siku, ndogo: viatu, mwalimu wa kwanza, njaa. Dakika ishirini za kuandika watu wakiwa kimya, kisha anayetaka asome na asiyetaka apite, wala asiulizwe kwa nini. Msikilizaji anaruhusiwa kusema alipoona picha na alipopotea. Haruhusiwi kumwambia mwandishi alipaswa kufanya nini mwaka 1971. Wazee wa kiume ndio wanaosahau sharti hili mara nyingi zaidi, tukiwemo walimu. Yaliyosomwa hayatoki barazani. Na chai iletwe mwishoni. Ikiletwa mwanzoni, hakuna atakayeandika.